Dawa Iliyokuja kwa Jina Langu Peke Yangu

Wewe uliyejifungua juzi, na ukimtazama mtoto unaona kama ni wa mtu mwingine umeshikishwa tu, nakuandikia wewe kwanza. Wa pili ni mume wako. Wa tatu ni wanawake wa kanisani kwenu, wale wanaokuja kukuombea, wanakunywa chai, wanaondoka. Na wao wasome mpaka mwisho, maana humu kuna kazi yao.

Naitwa Leokadia Kokushubira. Nilizaliwa Kanazi, nikaolewa upande wa Muleba na Sospeter, ambaye sasa ni marehemu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitegemee nikueleze ugonjwa huu unaanzia wapi ndani ya kichwa. Madaktari wamenieleza mara nyingi, kila mmoja kivyake, na mimi huitikia tu. Ninachokijua ni jinsi ulivyonikuta, nani alinishika mkono, na nani alinifungia dirisha.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Adventina, mtoto wangu wa kwanza, alizaliwa msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, vuli imekolea, kijiji kizima kiko nje na magunia. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa kwenye nyasi zilizotandikwa, mtoto pembeni, bakuli la senene mapajani, nanyonyoa mabawa na miguu. Wakati ule sisi wanawake tulinyonyoa tu, walaji walikuwa wanaume, na hilo linanikera hata leo. Nikaona wale senene wananitazama. Nikafunika bakuli kwa kanga. Mama mkwe wangu, Ma Koletha, akauliza mbona nimeacha kazi, nikamjibu kwamba wameshalijua jina langu. Alidhani natania, akacheka.

Usingizi ulikuwa umeniacha tangu siku ya kujifungua. Maziwa yalijaa yakawa magumu kifuani kama mawe, maana mtoto akilia nilikuwa namsikia kama analia kwa jirani. Halafu kukawa na mtu anaongea kwenye mibuni nyuma ya nyumba. Alisema watakuja kumchukua mtoto, na mimi nilimwamini kuliko nilivyomwamini mume wangu. Mchana mmoja, mvua inanyesha, nikambeba Adventina mpaka kwenye shimo tulilokuwa tunaivishia ndizi za kukamulia rubisi, pombe yetu. Nikamlaza ndani na kumfunika majani ya mgomba. Nilikuwa namficha. Wengine walisema vingine na wanasema mpaka leo, lakini nilikuwa namficha.

Ma Koletha alimsikia akilia, akamtoa. Mtoto alikuwa mzima, amelowa tu. Jioni ile ukoo wa Sospeter ulikaa, na uamuzi ukatoka: Adventina atalelewa na bibi yake, ng'ambo ya kibanja, shamba letu la migomba, kwa maziwa ya ng'ombe. Atarudishwa kwangu siku nitakayokuwa nimevuka kutoka msimu wa senene mpaka mwingine bila kuanguka tena. Sospeter alikuwepo. Hakusema kitu. Tuliishi pamoja hadi uzee na sikuwahi kumaliza kumuuliza kwa nini hakusema kitu.

Sasa nieleze kuhusu engozi, maana bila hiyo hutaelewa yaliyofuata. Engozi ni machela yetu, ya miti na matete, inabebwa na wanaume mabegani. Kila kitongoji kilikuwa na chama chake. Ukizidiwa, wanaume wa chama wanaacha majembe na kukupeleka kwenye matibabu, uwe tajiri au maskini, Mkatoliki au Mlutheri. Nayo ilikuwa na sheria zake. Ya kwanza, ni ya mtu aliyeshindwa kutembea. Ya pili, ikishatoka na mgonjwa haigeuzwi naye kabla hajatibiwa. Anayerudi nyumbani ndani ya engozi ni maiti.

Mwendawazimu ana miguu. Kwa hiyo mimi sikubebwa. Nilifungwa mikono kwa kamba za migomba, Sospeter akashika ncha, tukaenda hivyo kwa miguu mpaka kituo cha afya, watu wamesimama kando ya njia, na watoto wakituimbia. Na mwaka mmoja tu nyuma nilikuwa bibi harusi kwenye njia hiyo hiyo.

Pale kituoni tabibu alikuwa Bwana Kajuna, mtu mpole. Alinitazama, akasema hana dawa ya kichwa, wagonjwa wa aina yangu wanapelekwa hospitali ya Dodoma, na wa kuwapeleka ni polisi. Polisi, kana kwamba nimeiba. Nikalala mahabusu Bukoba mjini pamoja na wanawake waliokamatwa kwa gongo, nikisubiri askari wa kunisindikiza. Mmoja wao, Felista wa Kahororo, alinikamua maziwa kwa mikono yake kila asubuhi ili kifua kisipasuke. Hakuniuliza nimefanya nini. Wa kwanza kunitibu alikuwa yeye.

Ya meli hadi Mwanza na ya treni siyasimulii, kwa sababu sehemu kubwa siikumbuki. Dodoma walinichoma sindano, nikalala. Nilipoamka mwili haukuwa wangu. Ulimi ulikuwa mzito, mate yanadondoka, mikono inatetemeka hata kikombe kikinishinda. Nilinenepa uso mpaka macho yakawa madogo. Siku zangu zilikoma. Lakini yule mtu wa kwenye mibuni alinyamaza, na ukimya ule, wewe usiyewahi kuukosa, huwezi kuujua utamu wake. Nawashukuru wauguzi wa kule, ila kosa halikuwa lao wala langu kwamba mtu wa Muleba apelekwe nchi ya watu ili akachomwe sindano mkononi.

Nilirudi kahawa ikiwa imeiva. Nilikuwa na vidonge vya muda na cheti kilichoandikwa kwamba nisiache dawa, nikaendelee kuzichukua kwenye hospitali ya serikali iliyo karibu. Vidonge vilipokaribia kuisha tukaenda mjini. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, mimi na Sospeter. Dirisha la kwanza wakatuelekeza la pili. La pili wakatuambia tumsubiri bwana fulani aliyekwenda kwenye mkutano. La tatu, dada mmoja akasoma cheti, akageuza, akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Dawa hii inatoka Dodoma," akasema.

Nikamwambia najua, ndiko nilikotoka.

"Sasa si ungechukua nyingi ulipokuwa kule?"

Kama vile nilikuwa nimekwenda mnadani. Tukarudi mara nyingine, na nyingine. Sospeter alianza kukosa kazi ya shamba la kijiji kwa sababu ya kunisindikiza, na mkutanoni balozi wetu wa nyumba kumi akasema kuna nyumba moja inakula jasho la wenzake. Kupe, ndilo neno walilotumia. Sospeter aliporudi hakutaka kula. Aliniambia, "Kadia, mwezi huu utakwenda peke yako." Sikwenda.

Kabla ya senene niliugua tena. Safari hii sikumgusa mtoto, sikuwa hata naye, lakini nilikimbia kijijini sina nguo, wakanifunga. Nilipotulia kidogo Ma Koletha alikuja kusimama mlangoni, Adventina mgongoni, amegeuzwa nisimwone uso. "Mwaka umeanza upya," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia mvua imerudi.

Hapo ndipo anapoingia Verdiana Kagemulo. Alikuwa kiongozi wa wanawake wa parokia yetu, mjane, mrefu, sauti yake ikisikika vibanja viwili mbele. Na yeye alikuwa amekuja na wenzake mara nyingi, rozari, maji ya baraka, chai. Siku ile baada ya sala alibaki akanitazama mikono, ngozi ilivyochubuliwa na kamba, akauliza ile dawa ya Dodoma ilikuwa inasaidia au haisaidii. Nikasema inasaidia. "Basi sisi tunamwomba Mungu kitu alichokwisha kutoa," akasema, "kimekwama njiani tu." Akaondoka bila kumaliza chai.

Alikwenda moja kwa moja kwa Elieza, mwinjilisti wa Walutheri. Kila mtu alijua kuwa Elieza ana mdogo wake, Zakaria, aliyefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko kwa miaka, na kila mtu alikuwa na adabu ya kutomtaja. Verdiana alimtaja. Sijui walisemezana nini, ila Jumapili iliyofuata Padre Anselmi upande wetu na Elieza upande wao walitangaza jambo moja: chama cha engozi kikutane, kuna hoja.

Nilikuwepo, nimekalishwa katikati ya wanawake. Mkuu wa chama alikuwa Mzee Byabato.

"Engozi ni ya mtu aliyeshindwa kutembea," alisema. "Huyu ana miguu. Juzi tu amemshinda mumewe mbio."

Watu wakacheka. Sospeter akainama.

Verdiana alisubiri wamalize. "Waitu mzee wangu, wewe mwaka juzi walikubeba kwa ajili ya jino."

Wakacheka zaidi.

"Lilikuwa jino baya," mzee akasema.

"Na hiki ni kichwa kibaya. Jino lako lilikuwa limekaa wapi?"

Wakakubali. Na kwa kuwa walikubali mbele ya watu, ilibidi watekeleze. Nilipozidiwa tena, senene wa mwaka ule bado hawajatua, nilibebwa. Nilikuwa sijitambui vizuri, ila nakumbuka mbingu, nakumbuka majani ya migomba yanapita juu yangu, na Elieza yuko bega la mbele anavuta pumzi. Hakuna aliyeimba njiani. Watoto walisimama kando kimya kama kwa mgonjwa yeyote.

Kituoni Bwana Kajuna akarudia yale yale: dawa hana. Ikabidi wasonge mbele, kwa sababu nyuma hawawezi. Wakanipeleka hadi Muleba penye ofisi za wilaya, rangi ilikuwa bado inanuka, wakanitua barazani kwa mganga mkuu wa wilaya. Jina lake ninalo. Silitaji kwa sababu watoto wake wapo na hawakunikosea. Hakuwa mtu wa kwetu, na haya nayaeleza kama Verdiana alivyonieleza.

Alitoka akasalimia vizuri. "Ndugu zangu, dawa hizo hatuna. Mrudisheni mgonjwa nyumbani, nitaandika barua mkoani."

"Hatuwezi kumgeuza," Mzee Byabato akasema.

"Kwa nini hamuwezi?"

"Bado yuko hai."

Mganga mkuu akawatazama wanaume wale wenye miti mabegani. "Mnanitisha?"

Mzee akashangaa. Hakuna mtu Muleba asiyejua kuwa engozi haigeuzwi, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu wa kuelezwa. Kwa hiyo hakueleza. Alikaa chini. Wenzake nao wakakaa, na wanawake waliokuwa wakitufuata wakakaa. Mganga mkuu akaona mgomo. Akamwita katibu wa chama tawala, akaja haraka, akauliza ni nani amewatuma, na ni dini gani inayochanganya ibada na siasa.

"Zote mbili," Verdiana akamjibu.

Siku ile yote walikaa. Wakatoliki walianza rozari. Walipomaliza, Walutheri wakaimba nyimbo zao, tena kwa sauti nne, maana Walutheri hawajui kuimba kidogo. Mganga mkuu alikuwa ndani anapiga simu Bukoba na kila akisema haloo wanaanza ubeti mwingine. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Walikuwa wanamsubiri tu mgonjwa wao atibiwe, kama wangesubiri mwenye kichomi. Kesho yake mchana Landrova ilifika na kisanduku. Muuguzi akanichoma sindano pale pale barazani, akasema ni ya mwezi mzima, vidonge tena basi. Nilipoweza kusimama nilirudi kwa miguu yangu, engozi tupu ikitangulia.

Ungedhani hapo ndipo mwisho. Na mimi nilidhani hivyo. Tulichinja mbuzi.

Mwezi uliofuata Elieza alimleta Zakaria kituoni, wakiwa wameandamana nami. Kajuna akafungua kisanduku kilicholetwa kutoka wilayani. Kilikuwa na chupa moja, na juu yake jina langu. Barua iliyokuja nayo ilisema dawa imetolewa kwa mgonjwa Leokadia wa Sospeter, kwa sababu maalumu. Sababu maalumu ilikuwa ni kwamba watu walikaa barazani kwao kwa ajili yangu. Zakaria, ambaye hakuna aliyekaa kwa ajili yake, hakuwa na sababu. Akarudishwa kwenye nguzo yake. Elieza akaniambia, "Chukua yako, dada, usijali." Nikachukua. Na mwezi mwingine nikachukua, nikaendelea kuhesabia msimu wangu wa senene.

Makanisa yalituma wajumbe wilayani, dawa iletwe ya wagonjwa wote. Wakajibiwa kwamba serikali ina mambo mengi, shule, maji, barabara, na kwamba makanisa yana hospitali zao, si wakubaliane wodi ya wagonjwa hawa ijengwe wapi, serikali itasaidia. Hilo jibu lilikuwa la ujanja. Wakatoliki wakasema kwetu. Walutheri wakasema kwetu. Padre na mchungaji waliokuwa wakiazimana viti sasa wakawa wanaandikiana barua. Wazee wa parokia wakauliza wagonjwa wetu watalala vipi chini ya paa la wale, na wale wakauliza hivyo hivyo. Kahawa ikachumwa, ikaanikwa, ikauzwa, na wao bado wanabishana. Verdiana alisimama baada ya Misa akasema, "Tunagombania nani atamlaza Zakaria, na Zakaria amelala jikoni." Wakamwambia akae.

Mimi nilikuwa nakaribia. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kunusika. Zilikuwa zimebaki sindano chache nifike msimu wa senene nikiwa mzima, na Adventina alikuwa anatembea, anaongea, namsikia ng'ambo ya kibanja akimfukuza kuku. Elieza akanialika kanisani kwao nisimame nishukuru kwa kupona, watu waone. Nilikwenda. Nilipita nyumbani kwake kwanza, maana mkewe Damari alikuwa ameniandalia uji, na uji ule niliunywa jikoni, Zakaria yuko pale, mguu umevimba kwenye kamba. Akanisalimia vizuri kabisa. Akaniuliza Dodoma kuna baridi.

Sikuweza kushukuru. Nilisimama mbele ya Walutheri, nikasema sina la kusema, nikakaa. Usinione mtakatifu. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu mimi ni ya polepole, inaweza kukaa muda mrefu kama moto wa pumba.

Siku ya sindano nilikwenda kituoni na Elieza na Zakaria, Verdiana yuko nyuma. Kajuna akaniita jina. Nikakaa kwenye benchi, mkono ndani ya kanga.

"Anza na Zakaria," nikamwambia.

"Ma, hii ina jina lako. Siruhusiwi."

"Basi iache ikae."

Alinibembeleza. Elieza alinibembeleza. Sospeter alipopata habari alikuja mbio kutoka shamba la kijiji, matope magotini, akasema mbele ya watu maneno aliyokuwa hajawahi kuyasema, kwamba nilikuwa nikisingizia ugonjwa na kumbe mtoto simtaki. Nilimwambia, "Sospeter, ukoo ulipomchukua, wewe ulikaa kimya. Na leo kaa kimya." Hakuniongelesha tena mpaka yote yalipokwisha.

Kesho yake tulirudi kwenye benchi. Verdiana alikuwa amepita nyumba hadi nyumba, na wale tuliodhani hatuna kumbe tunao: mtu na binti yake, mtu na baba yake, kutoka majiko na mabanda ya mbuzi, Wakatoliki, Walutheri, na Waislamu wawili kutoka barabarani. Benchi lilijaa, wengine wakakaa kwenye majani. Hatukufanya fujo. Tulisubiri kutibiwa. Ikawa hivyo kila siku ya kazi, kwa majuma.

Na dawa mwilini mwangu inapungua. Hiki ndicho nataka ukisikie vizuri, wewe unayefikiri kuacha dawa ni jambo la kujaribu tu. Kwanza mikono iliacha kutetemeka, nikafurahi. Halafu usingizi ukakatika. Halafu asubuhi moja yule mtu wa kwenye mibuni akakohoa, tu, kama anayesafisha koo kabla ya kuongea. Nilimwambia Verdiana. Tangu siku ile sikulala peke yangu. Wanawake walipokezana, Damari na Walutheri wake, Verdiana na wa kwetu. Walinisuka nywele, wakazifumua, wakazisuka tena, ili tu mikono yao iwe kichwani kwangu. Yule mtu alipoanza kuongea, Damari aliniambia nimrudishie yeye kila neno, na kila neno alilisikiliza na kusema, "Huyo ni mwongo." Akanifanya nicheke, maana alikuwa anamkasirikia kama mtu wa kweli.

Ma Koletha alikuja kituoni siku moja, Adventina amemshika kanga. Nilijua amekuja kuona kama nimeshaanguka. Alinitazama machoni muda mrefu, akanisogeza, akakaa kwenye benchi karibu yangu. Kesho yake alikuja tena.

Mwishowe Kajuna alipeleka habari wilayani kwamba wajawazito hawana pa kukaa, kituo kimejaa. Mganga mkuu akaja mwenyewe. Aliyoyakuta hakuyatarajia: Padre Anselmi na mchungaji wa Walutheri wamekaa benchi moja, Zakaria yuko katikati yao anawaeleza habari za baridi ya Dodoma ambako hajawahi kufika. Verdiana ndiye aliyewakalisha hapo, na aliwaambia kuwa anayeondoka kwanza ndiye mwenye makosa.

Mganga mkuu akauliza, basi, wamekubaliana wodi ijengwe kanisa lipi?

"Hakuna kanisa," Padre akasema. "Kituo hiki ni cha serikali, na hawa ni watu wa serikali. Wanalima shamba la kijiji kama wengine, wale wanaoweza. Lete dawa hapa."

Mchungaji akaongeza kuwa yeye hana haraka, ana chakula chake kwenye kikapu.

Dawa zililetwa mvua zimeshakolea. Chupa zilikuwa nyingi na hakuna iliyoandikwa jina. Siku moja ya kila mwezi ikawekwa ya wagonjwa wetu. Zakaria alichomwa kwanza, akalalamika kama mtoto. Nilipochomwa mimi, nilikuwa nimeshikwa pande zote mbili, maana yule mtu alikuwa anapiga kelele sana siku ile na sikuwa na uhakika kwamba mkono ni wangu.

Senene walipotua ukoo ulikaa tena. Mmoja wa shemeji zangu akasema sharti halikutimia, mwaka haukuwa mzima, nilionekana naongea peke yangu pale kituoni. Sospeter alifungua mdomo, nadhani safari hii angesema. Ma Koletha akamtangulia.

"Nilikuwepo," akasema. "Huyu hakuanguka. Alikaa."

Akasimama akaenda kumleta mtoto.

Nilikuwa nimetandika nyasi mpya. Adventina aliingia amevaa gauni la njano, akatazama nyumba, akatazama nyasi, akanitazama mimi, mtu mnene mwenye mikono inayotetemeka. Ma Koletha akamwambia, haya, msalimie mama yako. Mtoto akamgeukia yeye. Kwake mama alikuwa ni yule, na mimi nilikuwa mtu wa kwenye benchi, ambaye wote walimwita kwa jina lake. Akapiga goti vizuri kama alivyofundishwa, akanisalimia: "Shikamoo, Leokadia."

Watu walicheka kwa aibu. Ma Koletha alitaka kumkemea, nikamzuia. Nikaitikia marahaba.

Dirisha la tatu lingenipa vidonge siku ile ya kwanza, mtoto huyu angeniita mama tangu maneno yake ya kwanza. Nimewasamehe wengi katika habari hii, na Sospeter nilimsamehe, lakini dirisha lile bado. Adventina aliniita Leokadia mpaka alipoanza shule, akakuta wenzake wana mama. Nilijibu kila mara. Wewe mwenzangu, ukirudishiwa wako naye akakuita hivyo, mwitikie, mpe uji, kisha siku ya dawa ikifika mfunge mgongoni uende naye.